Maji ya Marambo Yahesabiwe

Mwezi wa kumi, kabla jua halijachomoza, nilimkuta mama mmoja ameshuka ndani ya shimo katikati ya mto mkavu. Huku kwetu Marambo, kuanzia Nachingwea hadi Ruangwa, vijito vingi hukauka mapema, lakini chini ya mchanga maji hubaki. Shimo lilimfika kifuani. Mkononi alikuwa na kata, na pembeni ndoo iliyofunikwa kipande cha kanga cha kuchujia. Maji yalikuwa yakijikusanya chini taratibu mithili ya jasho. Alisubiri, akakwangua, akamimina, akasubiri tena. Dumu moja la lita 20 lilimchukua karibu nusu saa.

Nilimwamkia, nikamuuliza kama huwa hivi miaka yote.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Mwezi wa saba hapa tunafukua kwa mkono tu, mwisho kwenye kiwiko. Mwaka jana siku kama hizi shimo lilikuwa linanifika kiunoni. Mwaka huu umeona mwenyewe.”

Kiwiko, kiuno, kifua. Mama yule ana hesabu ya maji ya miaka na miaka, kaipima kwa mwili wake. Ila haijaandikwa popote, na siku atakapoacha kushuka shimoni itaondoka naye.

Hesabu ya maji ninayoitetea haina la kutisha. Ni kujibu maswali manne kwa tarakimu: yameingia kiasi gani, yametoka kwa njia zipi, nani katumia, yamebaki kiasi gani. Mwenye duka hufunga hesabu kila jioni. Kijiji kinachoishi kwa kisima kimoja hakifungi hata mara moja kwa mwaka. Nimelisema hili kwenye vikao na kwenye baraza za maduka, na hoja ninazorudishiwa ni zilezile. Nazijibu hapa moja baada ya nyingine, kwa sababu waliozitoa ni watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza hutoka kwa wazee. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, wanasema, humpa amtakaye, na kumhesabia ni utovu wa adabu. Lakini ufuta nao ni wake. Msimu wa minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ukifika, mkulima aliyepeleka magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi haondoki kabla hajaona mizani imesema nini. Kilo moja ikipungua, panazuka maneno. Sijasikia shehe wala padri aliyemkanya kwa hilo. Anapima kwa sababu ni jasho lake. Maji yaliyoustawisha ufuta huo, na ambayo bila hayo pasingekuwa na gunia wala mnada, hayakupimwa na mtu.

Ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, maana husemwa hata na vijana waliosoma: “Marambo ni kukame, maji hakuna. Utahesabu kisichokuwepo?”

Si kweli kwamba hakuna. Nachingwea na Ruangwa hupata kwa wastani kati ya milimita 800 na 1,000 za mvua kwa mwaka. London, mji unaojulikana dunia nzima kwa mawingu, hupata kama milimita 600. Tatizo letu limekaa kwenye kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na katikati yake, Januari au Februari, mara nyingi hupita wiki za jua kali zinazounguza mahindi yakiwa yanachanua. Kisha Juni mpaka Novemba mbingu hufungwa. Nchi yenye milimita 800 ndani ya miezi mitano na sufuri ndani ya miezi sita inahitaji hesabu kuliko nchi inayonyeshewa kidogo kidogo mwaka mzima. Ni sawa na mkulima anayelipwa mara moja kwa mwaka. Yeye ndiye anayepaswa kujua kwa makini kila shilingi iko wapi.

Chukua nyumba moja ya bati, futi zake zigeuze ziwe mita: sita kwa nane. Hilo ni paa la mita za mraba 48. Kanuni haina ugumu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita 800 juu ya paa hilo ni lita 38,400. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika nje ya gata na yanayokauka juu ya bati la moto, zinabaki kama lita 30,700. Sasa geukia upande wa matumizi. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita itahitaji lita 150 kwa siku, na kwa siku 183 za kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba ni lita 27,450. Paa peke yake, bila kisima wala bomba, lingeweza kuivusha familia hiyo kiangazi kizima, mradi miezi ya mvua ichote kwenye visima vilivyojaa.

Kwa nini basi mama anashuka shimoni? Kwa sababu chini ya gata, kama gata lipo, pamewekwa pipa, au kwa mwenye uwezo simtanki la lita 1,000. Simtanki hilo hujaa kwa milimita 26 tu za mvua, yaani mvua moja au mbili nzuri, na likifungwa mvua zinapokoma linaisha ndani ya wiki moja. Maelfu ya lita nyingine yameshaondoka na mfereji kuelekea bondeni.

Familia ya kawaida haiwezi kununua chombo cha lita 27,000, najua. Lakini hesabu haikomei hapo. Tenga maji ya kunywa na kupikia tu, lita tano kwa mtu, na hitaji la kiangazi kizima linashuka mpaka lita 5,490. Tangi la lita 5,000 linakaribia kulitosheleza. Sasa tuna jambo la kujadili kwenye kikoba au kwenye mkutano wa shule yenye paa refu: tununue tangi la lita ngapi, kwa ajili ya maji yapi. Wanaosema “hakuna maji” wameufunga mjadala huo kabla haujaanza. Na Mswahili akisikia jina Marambo hukumbuka malambo, vile vibwawa vya kukinga maji ya mvua. Sijui kauli hiyo ya kukata tamaa ilitoka wapi katika nchi yenye jina kama hili.

Shamba nalo lina daftari lake. Ekari moja ikipata milimita 800 imepokea zaidi ya lita milioni tatu. Sehemu kubwa hurudi angani kupitia majani na udongo unaokaushwa na jua, nyingine hutiririka juu kwa juu, na kidogo ndicho kinachozama hadi kulisha kisima. Mtu aliyechimba matuta ya kukinga maji anajua tofauti hiyo kwa macho, hata kama hajaipa tarakimu.

“Hayo ya daftari tuachie,” hujibu wengine. “Serikali ituchimbie visima, yaishe.” Visima vichimbwe, tena vingi. Ila tukumbuke tumekwisha kuahidiwa hivyo. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake, ifikapo 1991. Mikoa iligawanywa kwa wafadhili, na Mtwara na Lindi zikaangukia kwa Finland. Kuanzia 1972 Wafini walifanya kazi huku kwetu, na 1977 ukatoka mpango mkuu wa maji wa mikoa hii miwili. Mpango huo ulikuwa hesabu ya maji hasa. Kisha zikaja pampu za mkono, na watu wazima wa leo walizikuta zimesimama walipokuwa watoto.

Mwaka 1991 ulifika ukapita, na mita 400 zikabaki kwenye karatasi kwa vijiji vingi. Pampu nyingi zilinyamaza. Sababu zilikuwa kadhaa: vipuri, fedha, mafundi waliohama. Lakini sababu moja hailetwi mezani. Pampu iliyonyamaza ukiitazama tu huwezi kujua kama raba ndani imeisha au maji yameshuka chini ya bomba. Ya kwanza ni kazi ya fundi na spana. Ya pili ni kazi ya kijiji kizima. Anayeweza kuzitofautisha ni yule aliyekuwa akishusha kamba yenye mafundo na jiwe kila mwezi, alfajiri kabla ya mchotaji wa kwanza, akaandika kina cha maji. Bila kamba hiyo huitwa fundi, hubadilishwa raba, michango hukusanywa, na baada ya mwezi pampu hunyamaza tena. Watu husema wameibiwa. Pengine hakuna aliyeiba.

Na kisima hakizai maji. Sehemu kubwa ya Nachingwea na Ruangwa imekaa juu ya miamba migumu ya kale, ambamo maji hujificha kwenye nyufa. Visima viwili vilivyoachana hatua mia moja vinaweza kuwa kwenye ufa mmoja, kama watoto wawili wenye mirija miwili ndani ya dafu moja. Cha pili kikizinduliwa kwa ngoma, cha kwanza kinapungua. Bila vipimo vya kabla na baada, tutahesabu visima viwili tukidhani tuna maji mara mbili.

Foleni nayo ina siri yake. Tuseme pampu inajaza dumu la lita 20 kwa dakika moja na nusu. Hiyo ni lita 800 kwa saa. Sera ile ya 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, yaani lita 6,250 kwa siku, na pampu itafanya kazi karibu saa nane. Inawezekana. Watu wakiwa 600, zinahitajika lita 15,000, karibu saa 19 bila pampu kupumzika. Hapo kina mama watalala kisimani hata kama ardhini maji yamejaa tele. Kijiji hicho kinaweza kulia ukame kumbe kinalilia pampu ya pili. Kijiji cha jirani, chenye foleni ya urefu uleule, kinaweza kuwa na maji yanayoshuka kweli. Dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Mabomba ya masafa marefu hayaondoi haja ya hesabu. Yanaikuza. Mji wa Nachingwea unakunywa maji ya Mbwinji yanayotoka wilayani Masasi, chini ya mamlaka ya MANAWASA. Wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde nao kwa miongo mingi wamekuwa wakipandishiwa maji kutoka visima vya Mitema. Kila bomba jipya linaloungwa kwenye chanzo kilekile ni mdomo mpya kwenye sahani ileile, na mipaka ya wilaya haimo ndani ya mwamba. Ndiyo maana kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Maji huenda kwa mabonde, hayaendi kwa wilaya.

Sasa nije kwenye lawama. “Maji yamemalizwa na wafugaji.” Mkoani Lindi kauli hii imewahi kuamsha uhasama mkubwa, nami naomba msomaji anivumilie nimpeleke mbali kidogo, Usangu, mkoani Mbeya. Simulizi ya huko imetufikia hadi hapa kwa kwato.

Mto Ruaha Mkuu, unaopita huko, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kuanzia 1993 ukaanza kukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko walibanana kwenye madimbwi, na nchi ikatafuta mwenye kosa. Umeme ulipokatika miaka hiyo, kwa sababu mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu hutegemea mto huo, lawama ziliongezeka. Waliotajwa kwanza walikuwa wafugaji na ng’ombe wao. Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya dunia, akiwa London, kwamba Ruaha Mkuu ungerudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010.

Wakati huohuo watafiti walikuwa wakipima. Mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza na kukamilika 2001, ulifuatilia maji ya Usangu mto kwa mto na mfereji kwa mfereji. Walichokiona hakikulingana na lawama. Sababu kuu ya mto kukatika kiangazi ilikuwa maji yaliyochepushwa kiangazi hichohicho kwenye mifereji ya umwagiliaji, mengi yakipotelea kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa na kwenye mifereji isiyofungwa. Ng’ombe mmoja hunywa madumu mawili au matatu kwa siku. Mfereji wenye lango la zege hunywa usiku na mchana. Watafiti waliofungua vitabu vya Mtera nao walikuta kwamba hata namna bwawa lilivyoendeshwa ilikuwa na mkono wake katika giza lile.

Hesabu ilikuwepo, haikusikilizwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na kinamasi chake cha Ihefu kwa maelfu pamoja na mifugo yao, na wengi wakaelekezwa kusini, Mkoa wa Lindi ukiwa mmojawapo. Eneo walilotoka likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha 2008. Mwaka 2010 ulifika, na mto ulikuwa bado unakatika kila kiangazi.

Mkulima wa Nachingwea anayemkuta ng’ombe shambani mwake ana haki ya kukasirika. Mbaazi zake zimeliwa kweli, na lambo alilokuwa akichota limevurugwa kweli. Sitaki kumwambia vinginevyo. Ninachomwambia ni kwamba ugomvi huo ulianzia kwenye hesabu iliyopuuzwa kilomita mamia kutoka hapa, na kwamba yeye na mfugaji wote wawili wanaulipia. Ng’ombe 200 wakinywa lita 50 kila mmoja ni lita 10,000 kwa siku. Tarakimu hiyo ikiwekwa mezani, inaweza kujadiliwa: lambo hili lina kiasi gani, litafika mwezi gani, wa kijiji wachote wapi na mifugo inywe wapi. Pasipo tarakimu, kinachobaki mezani ni panga na fimbo.

Usangu imejibu pia hoja ya wataalamu wa kilimo cha kisasa, kwamba tukijenga mifereji mizuri au tukiweka umwagiliaji wa matone, maji mengi yatabaki. Mara nyingi hayabaki. Lango la zege lililopewa jina la uboreshaji huuwezesha mfereji kuchukua hata yale machache ya kiangazi, ambayo zamani kizuizi cha matope na magogo kiliyaacha yapite. Aliyeokoa maji hupanua shamba. Tena si kila lita “inayopotea” imepotea. Maji ya kuoga yaliyozama ardhini yanaweza kurudi kisimani, na yanayovuja kwenye mfereji huweza kuwa ndiyo yanayolisha kisima cha jirani aliye chini. Yaliyopitia kwenye jani la mpunga yakaenda angani ndiyo yameondoka bondeni. Hesabu nzuri hutenganisha mawili hayo, maji yaliyotumika yakarudi na yaliyotumika yakaondoka. Mtafiti David Molden aliieleza tofauti hiyo mwaka 1997, na bado miradi mingi huandikwa kana kwamba haipo. Kwa hiyo anayekuja Marambo na mradi wa bustani za kiangazi aulizwe mapema: ekari ngapi leo, ekari ngapi baada ya miaka mitano, na jirani wa chini atakunywa nini.

“Lakini hiyo ni kazi ya wataalamu.” Hapa nawaomba wazee wa Nachingwea watusaidie kukumbuka. Mwaka 1946 waliletwa wataalamu kutoka Uingereza, wakazunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama kutoka angani, kisha wakapendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matrekta yakaja, bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikajengwa hadi Nachingwea. Kongwa mvua zikawa haba, na udongo ukakauka kama tofali. Januari 1951 mpango ule ukazikwa, pauni milioni 36 zikifutwa vitabuni. Reli yetu iling’olewa mapema miaka ya 1960. Makosa yao yalikuwa mengi, na mojawapo ni hili: walikata shauri juu ya nchi ambayo hawakuwa na vipimo vya kutosha vya mvua yake, wala hawakuwasikiliza waliokuwa na kiwiko, kiuno na kifua.

Leo wataalamu wana macho makali zaidi. Tangu 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limefungua kwa yeyote data za setilaiti, WaPOR, zinazokadiria maji yanayopanda angani kutoka mashambani kote Afrika. Ni hazina, na bodi ya bonde inapaswa kuitumia. Lakini kigae kimoja cha picha ya bara zima kina upande wa mita 250 hadi 300. Ndani yake zinaingia ekari zaidi ya 15: ufuta wa mmoja, mikorosho ya mwingine, pori na nyumba tatu. Setilaiti haioni kina cha shimo la mchangani, haijui foleni ya kisimani, haimjui aliyefunga mfereji usiku. Kijiji ndicho kinachojua. Kipima mvua, kamba yenye mafundo, fimbo iliyochorwa sentimita ikasimamishwa lamboni, na kaunta buku: kijana aliyemaliza darasa la saba anavimudu vyote.

Nimebakiza hoja moja, na hiyo siichukulii kuwa ya ujinga hata kidogo: “Mkishapima, mtatutoza.” Watu wana sababu ya kuhofu. Mita ikifungwa, bili hufuata. Nilikaa kwa muda kwenye kijiji kimoja ambako daftari la kamati ya maji lilikuwa safi ajabu. Tarehe, jina, shilingi, sahihi, ukurasa baada ya ukurasa. Nililipekua lote nikitafuta lita. Hapakuwa na lita hata moja. Kisima kilipokauka Septemba, daftari lile lilituambia nani alikuwa anadaiwa. Halikutuambia kisima kilianza kushuka lini.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ishikwe. Hesabu ya fedha inamdai mchotaji. Hesabu ya maji inamdai kila anayegusa chanzo, na mkubwa zaidi ya mdogo. Ruangwa ina madini ya kinywe ardhini, na kutenganisha kinywe na mwamba ni kazi inayotaka maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka mtumiaji wa namna hiyo awe na kibali chenye kiasi kilichotajwa. Mvua anayoikinga mwananchi kwenye bati lake kwa matumizi ya nyumbani haihitaji kibali. Siku kisima cha kijiji kitakapopungua karibu na mgodi, au karibu na shamba kubwa, mwenye mradi atakuja na mhandisi, grafu na wakili. Kijiji kitakuja na nini? Kikija na vilio, kitaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Kikija na kina cha maji cha kila mwezi kwa miaka mitano, na mvua ya kila siku kwa miaka hiyohiyo, kitasikilizwa, kwa sababu utaonekana wazi mwaka ambao mvua ilikuwa njema na maji bado yakashuka. Anayewaambia wanyonge wasipime maji yao ili wasitozwe anawavua silaha pekee waliyo nayo.

Kwa tozo zenyewe, dawa ni uwazi. Tangu wakala wa maji vijijini, RUWASA, uanze kazi Julai 2019, maji ya vijijini yako mikononi mwa vyombo vya watumia maji vilivyochaguliwa na wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya fedha husomwa pale. Yasomwe na mapato na matumizi ya maji, kwa sauti, wenye madumu wakisikia.

Sisemi kwamba daftari litachimba kisima. Nimeona pia daftari likiandikwa kwa ajili ya mgeni wa mradi, likafungwa siku gari lake lilipoondoka. Daftari la namna hiyo ni bora lisingekuwepo. Lenye faida ni lile ambalo mwandishi wake anachota kwenye kisima hichohicho.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti na watendaji wa vijiji vya Marambo, kwenye mkutano ujao, kabla ya mvua za mwisho wa Novemba: chagueni watu wawili, mmoja awe mama anayeshuka shimoni. Wapeni kaunta buku, kamba na kipima mvua kilichosimikwa mahali pasipo na mti. Ukurasa wa kwanza uandikwe kina cha kila kisima na kila shimo la mchangani kilivyo leo, maji yakiwa chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Mvua zikianza kabla ukurasa huo haujaandikwa, itabidi kusubiri mwaka mwingine.